Ukuta Hauzai Mchanga: Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kumwaga Mawe Kunduchi

Kwenye pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam, kuanzia Mbezi Beach kupita Kunduchi hadi Bahari Beach, jibu la kwanza la mwenye kiwanja kinacholiwa na bahari ni ukuta. Maji yakibakiza hatua chache kufika kwenye uzio, fundi huitwa, mawe hushushwa, ujenzi huanza. Hakuna wa kumlaumu mtu asiyetaka kuona mali ya maisha yake ikienda na maji. Lakini ukuta unaojengwa na mtu mmoja kwa kiwanja kimoja hauokoi ufukwe. Unaokoa kwa muda udongo ulio nyuma yake, na gharama yake halisi hulipwa na ufukwe ulio mbele yake na jirani wa upande wa kaskazini. Kibali cha kujenga chochote ufukweni kisitolewe kwa kiwanja. Kitolewe kwa kipande kizima cha pwani chenye hesabu moja ya mchanga, na hesabu hiyo ifanyike kabla lori la kwanza la mawe halijafika.

Hesabu yenyewe si ngumu kuielewa. Mchanga wa ufukwe haukai mahali pamoja. Wakati wa kusi mawimbi yanakuja kutoka kusini-mashariki, yanapiga ufukwe kwa pembe na kuusukuma mchanga kuelekea kaskazini. Wakati wa kaskazi mwelekeo unageuka na sehemu ya mchanga inarudi kusini. Kusi ina nguvu zaidi na hudumu zaidi, kwa hiyo mwisho wa mwaka mchanga unaobaki umehamia kaskazini. Ufukwe wa Kunduchi ni kituo tu katika safari hiyo: unapokea kutoka kusini na unatoa kwenda kaskazini. Kinachoingia kikiwa sawa na kinachotoka, ufukwe unatulia, hata kama unapungua kwa kusi na kunenepa kwa kaskazi. Kinachoingia kikipungua, bahari haina huruma. Nguvu ya mawimbi ya kubeba mchanga iko palepale, na mzigo wake itautafuta kwenye ufukwe wenyewe, kisha kwenye vilima vya mchanga, kisha chini ya misingi ya nyumba.

Mchanga mpya wa pwani hii unatoka hasa mitoni. Mito kama Mbezi na Tegeta ni midogo, mingi ya siku za mwaka ni mikavu, na ndiyo maana watu huidharau. Masika inapokuja, mafuriko ya siku chache hushusha baharini mchanga wa kulisha ufukwe kwa miezi mingi. Mchanga huohuo ndio unaojenga jiji. Tangu miaka ya 1970 umechimbwa kwenye vitanda vya mito hiyo kwa ajili ya tofali na zege, na licha ya marufuku za mara kwa mara uchimbaji haujawahi kukoma kikamilifu. Katika kipindi hichohicho hoteli ya Africana, iliyokuwa na jina kubwa pwani hii, ililiwa ufukwe wake hadi ikaachwa. Leo jina lake limebaki kwenye kituo cha daladala cha Barabara ya Bagamoyo.

Chukulia malori 20 kwa siku, kila moja likibeba mita za ujazo 10, kwa siku 300 za mwaka. Hizo ni mita za ujazo 60,000. Kwa ufukwe mdogo unaolishwa na vijito viwili vitatu, kiasi hicho kinaweza kuwa mchanga wote wa mwaka. Mhandisi anayechora ukuta wa Kunduchi bila kuuliza malori mangapi yanapita daraja la Tegeta anatibu homa bila kupima damu. Na kuna jambo la kiutawala linalouma: lori la mchanga linalipa ushuru, kwa hiyo uchimbaji unaonekana kama mapato, wakati hasara yake inatokea kilomita kadhaa mbali, miaka kadhaa baadaye, kwenye mfuko wa mtu mwingine.

Tuuangalie sasa ukuta wenyewe. Wimbi linalofika kwenye ufukwe wenye mteremko laini hupanda, huchoka, sehemu ya maji yake huzama mchangani na kinachorudi baharini kina nguvu kidogo. Wimbi linalogonga ukuta wima halichoki. Linarudishwa na nguvu yake karibu yote, linakutana na wimbi linalofuata, na msukosuko unaotokea unachimba mchanga mguuni mwa ukuta. Kanuni ya kazi inayotumiwa na wahandisi wa pwani ni kwamba shimo hilo linaweza kufikia kina kinacholingana na urefu wa wimbi linalofika hapo. Wimbi la mita 1.5 linaweza kuchimba mita 1.5. Mafundi wengi huchimba msingi wa nusu mita, kama wa uzio wa nyumba, kwenye mchanga mtupu. Kusi moja kali inatosha kuufunua, na ukuta huanguka kuelekea baharini ukiwa mzima, kama ulivyojengwa, bila hata tofali kuvunjika. Ukipita ufukweni ukaona kipande cha ukuta kimelala kifudifudi, ujue saruji haikuwa tatizo. Msingi ulikuwa mfupi.

Njia ya pili ya kuanguka haionekani. Maji ya bamvua (siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida) na ya mvua yanajaa nyuma ya ukuta, kisha bahari inapokupwa yanabaki juu kuliko maji ya mbele. Dar es Salaam ina tofauti ya zaidi ya mita 3 kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua, kwa hiyo mara mbili kwa siku ukuta unasukumwa kutoka nyuma. Maji hayo yakitafuta njia kwenye nyufa au chini ya msingi yanabeba mchanga laini. Mwenye nyumba huona shimo limetokea kwenye bustani, hulijaza kifusi, na baada ya mwezi shimo limerudi. Dawa yake ni matundu ya kutolea maji kila baada ya mita 2 hivi, nyuma yake kokoto, na nyuma ya kokoto kitambaa cha jiotekstaili kinachopitisha maji na kuzuia mchanga. Matundu bila kitambaa ni mabaya kuliko kukosa matundu, maana yanakuwa mifereji ya kuhamishia kiwanja baharini.

Ya tatu ni ncha. Ukuta ukiishia kwenye mpaka wa kiwanja, mawimbi yanakula pembeni, yanaingia kwa jirani, kisha yanazunguka na kuula kwa nyuma. Jirani naye analazimika kujenga. Ndivyo kuta zinavyoambukizana kando ya pwani, na kila anayejenga ana haki machoni pake. Ukuta wowote ulazimike kukunja ncha zake kuelekea nchi kavu, na kuzizamisha mbali kuliko makadirio ya mmomonyoko wa miaka ya huduma yake.

Mteremko wa mawe makubwa ni bora kuliko ukuta wima, kwa sababu nafasi kati ya mawe zinameza nguvu ya wimbi, na jiwe moja likisogea mengine hukaa sawa badala ya kazi yote kuanguka kwa mara moja. Hapa ndipo hesabu ya uzito inapopuuzwa zaidi. Kanuni ya Hudson, iliyotokana na majaribio ya maabara nchini Marekani miaka ya 1950, bado ndiyo mahali pa kuanzia. Uzito wa jiwe unakua kwa kipeo cha tatu cha urefu wa wimbi: wimbi likiwa kubwa mara mbili, jiwe lazima liwe zito mara nane. Wimbi la karibu na ufukwe linawekewa mpaka na kina cha maji, kwa kuwa likifikia takriban asilimia 60 hadi 80 ya kina huvunjika. Tuseme kina mguuni mwa mteremko wakati wa bamvua ni mita 2.5, na wimbi kubwa linalotumika kwenye hesabu ni mita 1.5. Kwa mteremko wa mita 2 mlalo kwa mita 1 wima, mawe yenye kona yaliyopangwa tabaka mbili, na kigezo cha uthabiti cha 2 kinachotumika kwa mawimbi yanayovunjika, jiwe la graniti lenye uzito wa kilo 2,650 kwa mita ya ujazo linatakiwa liwe kama kilo 560. Upana wake ni karibu sentimita 60, hivyo tabaka mbili ni unene wa mita 1.2. Chini yake liwe tabaka la mawe ya kilo 40 hadi 60, na chini kabisa jiotekstaili. Mawe ambayo watu wawili wanaweza kuyanyanyua, yanayoonekana kwenye kazi nyingi za ufukweni, ni ya tabaka la kati. Hayana kazi juu.

Badilisha aina ya jiwe uone. Machimbo ya Kunduchi na Boko yako jirani na yanatoa chokaa cha matumbawe, mawe yenye matundu na mepesi. Yakiwa na kilo 2,200 kwa mita ya ujazo, kwa wimbi lilelile jiwe linalohitajika ni kama kilo 1,230. Zaidi ya maradufu. Sababu ni kwamba ndani ya maji kinachoshikilia jiwe ni tofauti ya uzito wake na uzito wa maji ya bahari, na jiwe jepesi linapoteza sehemu kubwa zaidi ya uzito wake. Graniti ya Lugoba inasafiri zaidi ya kilomita 100, na mkandarasi atasema nauli inaua mradi. Huenda ni kweli, lakini afanye hesabu kwa uzito sahihi wa kila jiwe, asibadilishe aina ya jiwe huku akibakiza kipimo kilekile kwenye mchoro. Ubadilishaji wa aina hiyo hufanyika katikati ya kazi, kwa barua moja ya site, na hakuna anayerudia hesabu.

Halafu rudisha akili kwenye mchanga. Ufukwe mbele ya mteremko huo ukishuka mita 1, kina cha bamvua kinakuwa mita 3.5 na wimbi linaloweza kufika ni mita 2.1. Jiwe la graniti linalotakiwa sasa ni kama kilo 1,540, karibu mara tatu ya lile lililowekwa. Kazi iliyokuwa salama siku ya uzinduzi imekuwa dhaifu bila bahari kuongezeka hata sentimita moja na bila dhoruba ya ajabu. Ufukwe ndio uliokuwa ukiikinga kazi ya mawe, wakati watu waliamini mawe yanaukinga ufukwe. Ndiyo sababu tunasisitiza kwamba ukuta usio na mpango wa mchanga una tarehe ya kufa iliyoandikwa ndani yake.

Gabioni zinahitaji maneno machache tu. Ni nyavu za waya zilizojazwa mawe madogo, zinafaa kingo za mito na barabara. Kwenye mawimbi ya maji ya chumvi waya huliwa na kutu, mchanga unausugua kila siku, na ukikatika sehemu moja mawe yote yanamwagika. Hata waya uliofunikwa plastiki hupasuka pale mawe yanapocheza ndani ya kapu. Zitumike kama hatua ya dharura, na bajeti ya kuziondoa iwekwe siku ileile zinaponunuliwa, maana waya uliokatika ufukweni unakata miguu ya wavuvi na watoto.

Kuna wanaosema kuta ni ujinga, suluhisho ni groini, yaani mikono ya mawe inayotoka ufukweni na kuingia baharini ili kunasa mchanga unaopita. Zinanasa kweli. Swali ni mchanga wa nani. Kila kilichonaswa upande wa kusini wa groini ni kile ambacho kingefika kwa jirani wa kaskazini, na mpaka nafasi ijae, jirani anakaa njaa.

Westhampton, kwenye kisiwa cha Long Island, New York, ilitoa somo hilo kwa gharama kubwa. Groini 11 zilijengwa mwaka 1965 na 1966 bila kujazwa mchanga kati yake, na 4 zikaongezwa 1969 na 1970. Ufukwe ulio katikati ya groini ulinenepa vizuri. Magharibi yake, upande ambao mchanga ulikuwa ukielekea, nyumba zilianza kuanguka baharini mwaka baada ya mwaka, na Desemba 1992 dhoruba ilikata kisiwa chembamba hapo na kufungua mlango mpya wa maji. Katikati ya miaka ya 1990 ilibidi kufanyike kile kilichopaswa kufanywa mwanzoni: groini za mwisho zikafupishwa ili zipitishe mchanga, na mchanga ukamwagwa kwa wingi.

Afrika Magharibi imelipa bei hiyohiyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Bwawa la Akosombo la mwaka 1965 lilizuia mchanga wa mto Volta, na mji wa Keta nchini Ghana, uliokuwa tayari ukiliwa na bahari, ukazidi kupoteza mitaa. Mradi wa ulinzi wa Keta uliokamilika 2004 ulijenga groini za mawe makubwa, na ulifanya jambo la maana: ulijaza mchanga na kurudisha ardhi. Mji ulipata nafuu. Mmomonyoko ukaendelea mashariki kuelekea Blekusu na mpaka wa Togo, nako ikabidi kujengwa kinga nyingine. Ukivuka mpaka unakuta Lomé, ambako kikinga-mawimbi cha bandari ya miaka ya 1960 kilizuia mchanga upande wa magharibi na kuacha pwani ya mashariki hadi Aného ikirudi nyuma. Ghana, Togo na jirani yao Benin zinashiriki mchanga mmoja, na kila moja imekuwa ikijenga kana kwamba mchanga una pasipoti.

Kwa hiyo groini zikijengwa Kunduchi, masharti yake yawe haya. Umbali kati ya moja na nyingine uwe mara 2 hadi 3 ya urefu wake: groini ya mita 40 itenganishwe na mwenzake kwa mita 80 hadi 120. Zikiwa mbali zaidi, katikati panaliwa kwa umbo la mwezi mwandamo. Mgongo wake uwe chini, karibu na usawa wa ufukwe unaotakiwa, ili mchanga wa ziada upite juu. Groini ndefu na za kimo kirefu zinazopendwa na wakandarasi huusukuma mchanga kwenye kina kikubwa ambako haurudi. Shina lake lizamishwe nchi kavu kupita alama ya juu kabisa ya bamvua, vinginevyo maji yatazunguka nyuma na kuiacha imesimama peke yake baharini. Za mwisho upande wa kaskazini zipunguzwe urefu hatua kwa hatua. Na nafasi zote zijazwe mchanga kutoka nje wakati wa ujenzi, ili mchanga unaopita usiguswe. Sharti hili la mwisho ndilo la kwanza kukatwa bajeti ikibana. Likikatwa, mradi mzima usimame, kwa sababu kilichobaki ni kuhamisha hasara kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine kwa fedha za umma.

Hapa kuna tatizo letu mahususi ambalo vitabu vya Ulaya havilipi uzito. Kusi na kaskazi zinageuza mwelekeo wa mchanga. Groini inayonenepa upande wa kusini mwezi wa Agosti inaweza kunenepa upande wa kaskazini Februari. Mshauri anayekuja kwa wiki tatu mwezi wa Januari, akapima na kuondoka, anaweza kupata mwelekeo uliopinduka kabisa na ule wa mwaka mzima.

Vikinga-mawimbi vinavyojengwa baharini sambamba na ufukwe vina mvuto wake. Nyuma ya kikinga maji yanatulia na mchanga hujikusanya kama ulimi. Urefu wa kikinga ukiwa karibu nusu ya umbali wake kutoka ufukweni, ulimi hubaki mfupi na mchanga unaendelea kupita. Urefu ukizidi umbali huo, ulimi hufika hadi kwenye kikinga, njia ya mchanga inafungwa na kazi inageuka groini kubwa. Ni kazi ghali, inayohitaji mashua za mizigo na mawe mazito. Na inasikitisha kuijadili mbele ya Mbudya, Pangavini na Bongoyo, visiwa vyenye miamba ya matumbawe vilivyokuwa vikifanya kazi hiyo bure. Uchambuzi uliochapishwa 2014, uliokusanya vipimo kutoka bahari za Hindi, Pasifiki na Atlantiki, ulikuta miamba ya matumbawe inapunguza nguvu ya mawimbi kwa wastani wa asilimia 97. Miamba yetu imepigwa baruti kwa miongo, imechimbwa kwa ajili ya chokaa, na joto la bahari la 1998 liliiua kwa wingi. Baruti moja mwambani ni wimbi kubwa zaidi ufukweni, na tumeshaona wimbi kubwa kidogo linavyoongeza uzito wa jiwe.

Mikoko nayo isitajwe mahali isipostahili. Inakaa kwenye hori na midomo ya mito yenye matope na maji tulivu, na hapo ilindwe kwa nguvu zote. Kuipanda kwenye ufukwe wa mchanga unaopigwa na mawimbi ni kupoteza miche na jasho la vikundi vya vijana. Kinachosaidia huko ni mimea itambaayo juu ya mchanga, na majani ya bahari yanayotupwa na maji. Hoteli huyafagia na kuyasomba kila asubuhi ili wageni waone mchanga mweupe, pamoja na mchanga wenyewe unaong'ang'ania kwenye mizizi yake.

Inabaki njia ya kuongeza mchanga, ambayo watu huiona kama kutupa fedha baharini. Uholanzi, nchi iliyojenga kuta za bahari kwa karne nyingi, tangu 1990 ina sera ya kuushikilia mstari wa pwani kwa kumwaga mchanga, mamilioni ya mita za ujazo kila mwaka. Mwaka 2011 ilimwaga mita za ujazo milioni 21.5 mahali pamoja, kusini mwa The Hague, ili mawimbi yenyewe yausambaze. Kufikia 2015 tuta maarufu la mawe la Hondsbossche, ambalo lilikuwa limedhoofika, lilikuwa limefunikwa mbele yake na ufukwe mpya wa mita za ujazo kama milioni 35. Wenye uzoefu mkubwa kuliko wote waliamua kuweka mchanga mbele ya mawe.

Hatuna meli za kiwango hicho, lakini hesabu ya ufukwe wetu ni ndogo zaidi. Tuchukulie kimo cha sehemu inayochezewa na mawimbi, kuanzia ukingo wa juu hadi kina ambako mchanga hausogei tena, ni mita 5. Kupanua ufukwe kwa mita 1 kunahitaji mita za ujazo 5 kwa kila mita ya pwani. Upana wa mita 20 kwa kilomita 1 ni mita za ujazo 100,000, yaani safari 10,000 za lori la mita 10. Atakayesema atamwaga "malori mia mbili ya mchanga" kuokoa kilomita moja, mwonyeshe hesabu hiyo. Chembe nazo zipimwe kwa chekecheo: mchanga unaoletwa uwe na ukubwa sawa na wa asili au zaidi kidogo. Mchanga laini kuliko wa asili unaondoka msimu wa kwanza na kwenda kufunika matumbawe. Na usitoke mtoni wala ufukwe mwingine, maana tutakuwa tunajikopa wenyewe. Chanzo cha kuchunguzwa kwanza ni mchanga unaochimbwa pale njia za meli zinapoongezwa kina, kama ni safi na si matope.

Kuna mahali ukuta ni sahihi. Barabara ya Barack Obama, iliyoitwa Ocean Road hadi 2013, imebanwa kati ya bahari na taasisi kubwa za umma, haina pa kurudi. Gereza la Kilwa Kisiwani, ngome ya kale ambayo mawimbi yaliuma misingi yake hadi magofu ya hapo yakawekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014, halihamishiki. Kwa vitu vya aina hiyo jenga, tena jenga vizuri, ukikubali kwamba ufukwe wa mbele unaweza kupotea. Baa, bwawa la kuogelea na vibanda vya wageni havimo kwenye kundi hilo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kuta nyingi tunazozibishania zinalinda vitu ambavyo havikupaswa kuwepo, na kila kibali cha ukuta kinachotolewa hapo kinahalalisha kosa la kwanza kwa kosa la pili.

Kipimo cha kuanzia hakihitaji mshauri wa nje. Fito mbili za mita 1.5 zilizochorwa alama za sentimita, kamba, na upeo wa macho vinatosha kuchukua umbo la ufukwe kutoka nguzo ya zege iliyosimikwa nyuma hadi ukingo wa maji wakati wa kupwa kwa bamvua. Njia hiyo imetumika duniani tangu miaka ya 1960. Weka nguzo kila mita 200, pima kila mwezi kwa angalau mwaka mmoja, ukiwa makini zaidi kabla na baada ya kusi. Umbo likipungua eneo la mita za mraba 4 na nguzo ikiwakilisha mita 200, umepoteza mita za ujazo 800. Picha za satelaiti zisaidie, kwa tahadhari: ufukwe wenye mteremko wa 1 kwa 20 na tofauti ya maji ya mita 3 unahamisha ukingo wa maji mita 60 kwa siku moja, kwa hiyo anayelinganisha picha mbili kwa ukingo wa maji anaweza kutangaza maafa yasiyokuwepo au kuficha yaliyopo. Afuate mstari wa mimea.

Vipimo hivyo viwe kiambatisho cha lazima cha ombi lolote la kibali linalopelekwa NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, kwa kipande chote kati ya mdomo wa mto mmoja na mwingine. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ikae meza moja nao, kwa sababu uchimbaji wa Tegeta na ukuta wa Kunduchi ni faili moja hata kama ziko ofisi mbili. Mkataba wa ujenzi utaje uzito wa mawe kwa kila tabaka na mizani ya kuyapimia iwepo site. Utaje kina cha mguu kwa kuhesabu kutoka usawa wa chini kabisa uliopimwa baada ya kusi, pasipo kuhesabu kutoka juu ya mchanga wa Februari ulionenepa. Utaje pia nani atapima viwanja vya kaskazini kwa miaka mitano baada ya kazi kukamilika, na fedha za kuvirudishia mchanga wake zitatoka wapi. Sehemu ya malipo ya mkandarasi ibaki hadi kusi mbili zipite, kwa kuwa miezi 12 ya uangalizi iliyozoeleka inaweza kuisha kabla shimo la mguuni halijachimbika hadi mahali pa kuonekana.